Mngurumo wa Darajani

Kibosho, 9 Machi 2025

Demetria,

Salamu. Huku tuko salama kwa jumla. Masika yameanza kwa fujo, mgomba umeangukia banda la mbuzi lakini mbuzi wamepona. Mke wangu Clara analalamika mgongo, kama kila Kwaresima. Mama hajambo. Anakula.

Naandika kwa mkono kwa sababu namba yako nimeifungia na sina mpango wa kuifungua. Uliyonitamkia kwenye matanga ya Baba mwezi Januari, mbele ya ukoo mzima, kwamba mimi nilimjua Baba kwa Desemba tu na wewe ulimjua miezi mingine yote, bado yamenikaa kooni. Barua hii ataibeba Brightson wa Baba Mdogo, maana ndiye konda wa basi linalokuja huko. Mfuate stendi ya Mbezi Luis. Ukiwa na jibu, mpe yeye huyo huyo.

Nimesikia unataka kung'oa injini ya Selika ya Baba na kuweka mota ya umeme, kama unavyofanyia bajaji za watu hapo gereji kwako Goba. Sikuamini. Nikakumbuka ni wewe, nikaamini.

Sikiliza. Gari lile halikuwa chuma tu kwetu. Tangu Baba akiwa karani wa bandari, amepanga chumba Mtoni huko Dar, kila Desemba alipolipandisha huku tulilisikia likiwa bado chini darajani. Mama akiusikia mngurumo ule anabandika maji ya kuoga, na gari likiingia uani maji yamechemka. Tena kabla hajamsalimia mumewe anaweka kiganja kwenye boneti yenye moto wa safari na kuliambia gari, "Pole, umechoka." Baba anasimama pembeni na mabegi yake akingoja zamu. Wewe ulikuwa mdogo, lakini uliyaona.

Tarehe 27 Desemba tunafanya misa ya mwaka na kubariki kaburi. Nataka Selika ipande kilima kwa sauti yake na isimame uani kama zamani. Hili si ombi.

Kaka yako mkubwa,
Didas
(Mwalimu Mkuu mstaafu, ikiwa umesahau unaongea na nani.)


Goba, 30 Machi 2025

Kaka Didas,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu naisikia moyoni. Goba nayo mvua imetukomesha, kilima chetu kimekuwa utelezi mtupu na wateja wanaacha bajaji zao chini barabarani. Mwanangu Loveness anajiandaa na mtihani wa kidato cha sita. Anakusalimia, yeye hana ugomvi na mtu. Pole kwa wifi Clara na mgongo. Mama mbona umemwandikia maneno mawili tu? Anakula, halafu?

Kuhusu gari: injini imekufa. Bloku imepasuka, vipuri vya Selika ya mwaka 1976 havipatikani hata ukivitafuta maduka yote ya Gerezani, na mafuta ilikuwa inayanywa kama mlevi wa pombe za bure. Mota ya umeme ninayo, betri ninazo, kazi ninaijua. Gari litatembea. Kulifunika turubai uani kwangu likaota kutu ndiyo heshima unayoitaka?

Na hiyo ya kunikumbusha cheo chako, wanafunzi wako wamekwisha kaka. Mie sikuwahi kuwa mmoja wao.

Demetria


Kibosho, 4 Mei 2025

Demetria,

Pasaka ilikuwa njema. Kanisa lilijaa hadi nje, padri akahubiri juu ya ukweli, nikakukumbuka. Clara mgongo umepungua. Mama hajambo. Anakula.

Brightson alipita Goba Ijumaa ile ulipokwenda Temeke kununua nyaya. Loveness alimkaribisha chai kama mtoto mwenye adabu. Brightson akafunua turubai, akafungua boneti, akaazima betri kwa jirani yako. Akawasha. Injini ikaitika mara moja! Akanirekodia kwenye simu na kunichezea hapa sebuleni. Hakuna cha bloku iliyopasuka wala nini. Inanguruma kama siku ile Baba alipoinunua kwa yule Mhindi wa Upanga aliyekuwa akishindana mbio za magari.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata Ubungo.

Nataka unieleze jambo moja. Mtu anayedanganya kuhusu injini nzima, anaficha nini? Ulimkaa Baba kichwani miaka yake ya mwisho, akafia nyumbani kwako, na sasa unataka kukinyamazisha hata kile kilichobaki na sauti yake. Ukiigusa injini ile umemuua mara ya pili. Nimeandika hivyo makusudi na sifuti.

Didas


Goba, 20 Julai 2025

Kaka Didas,

Shikamoo. Loveness alimaliza mtihani mwezi Mei, akalala siku mbili mfululizo. Baridi ya mwaka huu imetufikia hata sisi wa Dar, watu wanavaa masweta kwa mbwembwe. Mama vipi? Najua, anakula.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza barua ilikuwa matusi matupu. Hii ni ya nne, angalau matusi yamepungua.

Ni kweli nilidanganya. Injini ilikuwa nzima. Sasa haipo. Nimeitoa mwezi uliopita, mimi na vijana wangu wa gereji, kwa mnyororo na kapi juu ya tawi la mfenesi. Nimetoa na tangi, na ekzosi, na kabureta aliyokuwa akiisafisha kwa mswaki kila Jumamosi. Mota imekaa pale pale ilipokuwa injini, betri nusu ziko mbele na nusu kwenye buti. Jana nimezunguka nalo hadi Tegeta na kurudi. Halina sauti kabisa. Mbwa wa mtaani walilikodolea macho hawakujua wabweke au waache.

Sababu yangu ninayo. Sikuambii, kwa kuwa ukiijua utageuza maneno, na wewe kugeuza maneno ndiko kulikokupa pensheni. Desemba nitalileta. Andika utakayo, maneno makali hayavunji mfupa.

Na usinirudishie neno la kuua. Miaka sita mimi ndiye niliyemshika Baba mkono kwenda chooni. Wewe ulituma ndizi.

Demetria


Kibosho, 3 Agosti 2025

Demetria,

Wote wazima.

Usije. Usilete kile kitu hapa. Watu wa chini darajani watasimama barabarani wakingoja kusikia gari la baba yetu, halafu lipite kama jokofu? Utatufanya kichekesho cha Kibosho nzima.

Baba Mdogo anapendekeza uniletee jani la isale, kwa kuwa kwetu ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Nimemjibu ukilileta mimi nitavunja mila kwa mikono yangu. Mbuzi atalila mbele ya macho yako.

Didas


Goba, 14 Septemba 2025

Kaka,

Shikamoo. Loveness amechaguliwa chuo kikuu, uhandisi. Namwambia asome kitu kingine, hanisikii. Mie mzima.

Isale lako sikuletei. Mkosaji ndiye anayebeba jani, na mimi sijakosa. Ila umeandika maneno ya watu wa darajani, nikaona kumbe bado tunazungumzia majirani, na mwaka unaisha. Basi ngoja nikuambie.

Februari wifi Clara alinipigia nimsalimie Mama. Usimgombeze, ana moyo kuliko sisi wawili. Kabla hajampa Mama simu nilisikia kila kitu kilichokuwa kinaendelea hapo kibarazani. Mama aliuliza, "Mmelisikia gari?" Mama yetu, aliyekaa kwenye mkeka siku zote za msiba, aliyetupa udongo kaburini kwa mkono wake. Nawe ukamjibu kwa sauti laini ambayo mimi hujawahi kunipa tangu nizaliwe: "Bado, Mama. Lipo Same. Kula kwanza."

Lipo Same! Mtu yuko kaburini migombani, hatua chache kutoka alipokaa mkewe, wewe unamwambia yuko njiani, Same.

Ndiyo maana kila barua yako Mama "anakula". Tangu Februari najua anakulaje.

Halafu unataka nilipandishe gari lile kilima kwa mngurumo wake. Wewe mwalimu hukufikiria? Macho yake yamekwisha, kilichobaki ni masikio. Angeusikia tangu darajani. Angebandika maji. Angejifunga kanga safi, atoke hadi mlangoni kumpokea mumewe. Halafu mlango wa gari ungefunguka ningetoka mimi. Ungemwambia nini? Kwamba Baba ameshukia Same?

Nilipokata simu ile niliamua. Gari nitalileta kwa kuwa Baba alitaka lizeeke nyumbani. Ila sauti siileti. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu kwa niaba yako. Mtu mzima, mkuu wa shule, unamlisha mama yako uongo kwa kijiko.

Demetria


Kibosho, 26 Oktoba 2025

Demetria,

Hongera kwa Loveness. Mwambie uhandisi ni kazi nzuri ikifanywa na mtu mwenye utu.

Barua yako nimeisoma shambani, kisha nikaichana, kisha nikaokota vipande nikaviunga ili nikujibu kwa usahihi.

Mara ya kwanza Mama alipouliza, wiki mbili baada ya matanga, nilimwambia ukweli. Nilimshika mikono nikasema, "Mama, Baba alifariki, tulimzika." Ulisikia mayowe yake siku ya maziko? Yalikuwa yale yale. Majirani walikimbilia hapa wakidhani kuna msiba mwingine. Alipoamka kesho yake aliuliza tena gari. Nikamwambia tena, kwa kuwa nilikuwa na msimamo kama wako. Akalia tena, upya kabisa. Mara ya tatu aliacha kula, akawa anaitazama tu kahawa ikipoa. Wewe umemzika Baba mara moja, ukapanda basi. Mimi namzika kila nikisema ukweli, na kila nikimzika namfisha mjane wake.

Ndipo nikasema, "Lipo Same." Akaitika, "Basi nipeni chakula, akifika anikute nina nguvu." Tangu siku hiyo anakula. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Demetria. Umemsikia kunguni mmoja kwenye simu ukakimbilia spana.

Na kuhusu mngurumo, unaniuliza kama sikufikiria. Nilifikiria. Nilitaka mara moja tu, kabla hajaondoka, jibu langu liwe kweli. Aulize, "Mmelisikia gari?" nami niseme, "Ndiyo, Mama, lile pale darajani." Ya baada ya hapo sikuyafikiria. Sikutaka kuyafikiria. Hilo nalo umeninyang'anya.

Kuja njoo, misa ni ya Baba na mimi si bawabu wa kanisa. Usitegemee nikupokee.

Didas


Kibosho, 28 Desemba 2025

Kaka,

Barua hii naiacha kwenye kiti cha dereva pamoja na ufunguo, kwa kuwa umekaa nyumba moja na mimi siku mbili bila kutamka jina langu.

Shikamoo, hata hiyo hukuiitikia jana. Mbege ilipozunguka baada ya misa uliupitisha mtungi mbele yangu ukampa Brightson, watu wote wakaona. Sawa. Umeshinda mbege.

Nilikuwa njiani siku tatu. Korogwe nilichaji kwa wachomeleaji wa mageti, wao ndio wenye umeme wa nguvu, wakagoma kunitoza wakataka kupiga picha tu. Same nilichaji kwa wachomeleaji wengine na kulala hapo hapo ndani ya gari. Ndiyo, Same. Nilicheka peke yangu usiku kama kichaa, kisha sikucheka tena.

Nilipofika darajani nilifungua vioo vyote. Nikasikia mto, na kuku, na mtu anapasua kuni. Hakuna aliyegeuka. Nikaingia uani. Mama alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, uso ameuelekeza barabarani kama anavyokaa siku zote, nami nimempita karibu kabisa. Hakutikisa hata ukope. Nilikuwa nimelipata lile nililolipigania mwaka mzima, na nililia ndani ya gari hadi usukani ukalowa.

Aliponipapasa uso alinijua. Akaniuliza kama nimekuja na Baba. Nikasema nimekuja peke yangu. Akasema, "Ulivyo mgomvi na watu, nani angepanda na wewe." Kwa mambo mengine akili yake bado ipo.

Gari naliacha. Ulilitaka nyumbani, liko nyumbani. Mimi nashuka na basi la Brightson. Waya wa kuchajia uko kwenye buti, soketi ya kawaida ya ukutani inatosha, ila ni ya taratibu. Usimruhusu mtu kuosha chini kwa maji mengi.

Demetria


Kibosho, 18 Januari 2026

Demetria,

Natumaini ulifika salama, na kwamba Loveness anaendelea na masomo. Huku ni jua kali. Mbuzi amezaa mapacha. Clara anakusalimia sana, mimi nafikisha tu.

Sijakusamehe. Nimeweka hilo mwanzo lisije likakupotea katikati ya yanayofuata.

Siku uliyoondoka, jioni, Mama alitoka kwenda kuanua kanga yake kambani. Njia aliyoizoea ilikuwa imezibwa na gari ulilolitelekeza katikati ya ua, maana hata kuegesha hujui. Akaligonga kwa goti. Mimi nilikuwa kibarazani, nikainuka kumwahi. Akanyoosha mkono, akapapasa taa, akapapasa ule mkwaruzo wa zamani wa mlango, akarudi mbele. Akalitambua. Nikasema moyoni, haya, Demetria ametumaliza.

Kisha akaweka kiganja kwenye boneti.

Wewe na akili zako zote ulifikiria masikio. Kiganja ulikisahau. Na mimi niliyekuandikia habari ya kiganja katika barua ya kwanza nilikisahau pia.

Akahamisha mkono huku na huku akitafuta joto. Halafu akasema, wala si kwa kilio, kama mtu anayesoma bei dukani, "Limepoa. Limepoa kabisa." Akaongeza, "Basi baba yenu alishafika siku nyingi."

Nilikuwa na jibu la Same mdomoni, limeshazoea kutoka lenyewe. Nikalimeza. Nikasema, "Ndiyo, Mama. Alishafika."

"Amelala wapi?"

Nikamshika mkono, nikampeleka migombani. Marumaru za kaburi zilikuwa kivulini tangu mchana. Akainama, akaweka kiganja vile vile, akakizungusha taratibu. Akasema, "Naye amepoa." Kisha akamwambia, "Pole, umechoka."

Hakupiga yowe. Tulirudi ndani, akaomba chakula mwenyewe.

Kesho yake nilikaa nikingoja aulize gari. Alitoka, akapita pale pale, akapapasa boneti, akasema "Limepoa," akaenda zake juani. Hivyo hivyo hadi leo. Kila asubuhi amesahau, na kila asubuhi gari linamwambia, wala halimlizi. Mimi nilishindwa kumwambia hivyo mwaka mzima, na nilifundisha miaka thelathini.

Kwa hiyo gari haliondoki hapa. Usilete fundi, usilete hoja. Nalichaji kwenye soketi ya jikoni kama ulivyoagiza, na Clara ananung'unika kwamba umeme wa luku unaisha haraka. Nalichaji lakini sitaliendesha, maana likitembea litapata joto. Sijui kama na la umeme hupata joto. Hilo unaweza kunijibu, kwa ufupi, bila nahau zako.

Kingine sina. Ukifungua bahasha utakuta kuna jani la kijani limekunjwa. Limedondokea humo lenyewe wakati naandika. Usiniulize.

Didas